Chuma Mkononi mwa Huseni

Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1996, saa kumi alasiri, mkono wa kulia wa Huseni ulilia ko! alipoinua kopo kutia udhu. Mkewe, Waride, akageuka.

"Baba Amal, nini hicho?"

"Sijui."

Alijua. Mwaka mmoja nyuma, baada ya baridi yabisi kumla kifundo cha mkono, daktari wa Dar es Salaam alimtia kiungo bandia cha chuma na plastiki. Maumivu yalimtoka. Akaweza kula kwa mkono wake, kufunga kikoi, kushika tasbihi. Lakini daktari alimwonya mbele ya Waride: "Kwa kazi nyepesi kitakufaa miaka mingi. Ukishika shoka, kitalegea mfupani."

Huseni aliapa. Kisha biashara ya miti ya mikoko ikafunguliwa, wachuuzi wakafuata boriti mpaka kijijini kwetu Kiongoroni, naye akarudi mikokoni kwa siri. Mama yake tu, Bi Mwantum, alimwona na shoka. Akamsitiri.

Waride akauliza tena, kwa kunong'ona. Huseni akaona haya.

"Ni jini wa Mama," akasema. "Ananionea."

Kufikia Ijumaa neno hilo lilikuwa limeenea, na majirani hawakupokea tena wali wa Bi Mwantum. "Sahani ya yule bibi? Kale wewe, jini akupande, tukusikie ukibweka!"

Jumapili akaitwa mganga Kondo. Mchana kweupe akamkalisha bibi mkekani, akamfunika shuka, akafukiza ubani.

"Sema, bibi. Jini huyu ni wa nani?"

Huseni alisimama mlangoni. Neno lake moja tu lingemwokoa mama yake. Hakulisema.

"Ni wangu," mama akajibu taratibu. "Mwacheni mwanangu."

Hapo harufu ya ubani ikakatika, ikaja harufu ya tope la mikokoni maji yakipwa, ikajaa chumbani, ikapanda ukutani kama unyevu, na chini ya shuka ikatoka sauti isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume, nzito kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, ikisema, "Sikuwa wa mtu, mmeniita, nimekuja," na mkono wa Huseni, ambao yeye hakuusogeza, ukaanza kuugonga mlango, ko, ko, ko, mpaka Kondo akatupa chetezo akatoka mbio.

Bi Mwantum alifariki siku ya nane baada ya hapo. Katika siku hizo hakuna jirani aliyevuka kizingiti chake.

Kaburini, Huseni alishuka kumpokea. Vidole vyake vikaikamata sanda, vikakataa kuiachia.

"Mwachie mama, bwana," watu wakamnong'oneza kutoka juu.

"Mkono haunitii!"

Ndipo akalia mbele ya wote: "Mama hakuwa na jini. Nilikata miti. Nilimsingizia."

Vidole vikafunguka. Aliyestahili kuyasikia maneno yale alikuwa ndani ya sanda.

Baadaye daktari alikitoa kile chuma, akaunganisha mifupa ikawa kitu kimoja. Sasa kifundo hakikunjiki, wala hakiumi. Lakini hadi leo, Huseni akiinua mikono kumwombea mama yake, kiganja cha mkono huo hujigeuza chini.

Basi tumwombee sisi. Ewe Mola, mghufirie Bi Mwantum binti Mrisho, lipanue kaburi lake, litie nuru, na umwite kwa jina jema kuliko lile tulilomwita sisi jirani zake. Amin.