Viti Viwili Vitupu

"Mama, hebu niangalizie. Kile kiti cha tatu kutoka kwenye nguzo, si cha mume wangu kile?"

Niliweka kikombe chini, nikavaa miwani. Kwenye runinga bunge lilikuwa limejaa, watu wazima wamekaa kwenye viti vya ngozi kama wanangoja kunyolewa. Kiti cha tatu kilikuwa cha mwanangu kweli. Kilikuwa kitupu.

"Labda kaenda msalani," nikasema.

"Kila wakipiga kura?"

Niliuliza tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kile kingine kitupu upande wa pili, kwa wapinzani, ni cha nani.

Mkwe wangu akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Cha Kilemba," akasema.

Jina hilo tulimpa wenyewe, mimi na yeye, tukiwa tumekaa kwenye kochi. Ni mbunge wa upinzani, mwanamke mrefu, vilemba vyake virefu zaidi, na ana sauti ya kubembeleza hata anapoitukana serikali. Kabla ya siku ile tulikuwa tunampenda. Baada ya siku ile tukaanza kumtazama vizuri.

Na tulichokiona ndicho hicho. Mara nyingi Spika akitangaza kura, mwanangu anatoka kwa mlango wa kushoto. Kilemba anatoka kwa mlango wa kulia. Sindano na uzi. Kura zikiisha wanarudi, mmoja baada ya mwingine, kila mtu anatazama mbele kama hajui kwamba mwenzake ana uso.

Mkwe wangu ni mkunga katika zahanati ya mtaani kwetu. Lazima niseme hapa, maana bila yeye mwanangu asingekuwa mbunge. Wakati wa kampeni mwanangu alikuwa akipanda jukwaani anatoa jasho na hana neno. Siku moja mkewe akamnyang'anya kipaza sauti. Akainua mfuko ambao kila mama mjamzito huambiwa aje nao, akaanza kutoa vitu vilivyomo mbele ya umati: mipira ya mikono, wembe, pamba, mshumaa.

"Hivi mnakuja kujifungua au mnakuja kufungua duka?" akauliza. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. "Mchagueni mume wangu. Akiingia, serikali italeta hivi vyote. Nyinyi mtakuja na tumbo tu."

Njoo na tumbo tu. Wanawake waliimba hayo maneno mpaka siku ya uchaguzi, mwanangu akapita. Wakayaamini, wakaanza kuja. Mama anafika zahanati uchungu umemshika, mikono mitupu, anasema, "Muuguzi, nimekuja na tumbo tu, kama ulivyosema." Na mkwe wangu anavuka barabara kwenda kununua mipira ya mikono kwa pesa ya mboga yetu.

Sasa bungeni walikuwa wanajadili jambo lenyewe. Kulikuwa na muswada wa kuzipa zahanati fedha za serikali. Wapinzani wakasema mliahidi, toeni. Chama cha mwanangu kikasema hazina haina kitu, wananchi wavumilie. Walibishana kifungu kwa kifungu, wiki kwa wiki, na kila kifungu na kura yake. Ijumaa mwanangu anarudi nyumbani, anavua koti, anaugua kama aliyetoka vitani.

"Tumepigana, mke wangu. Wanaoupinga wametuzidi."

"Wewe ulipiga kura gani?"

"Ya moyo wangu."

"Moyo wako ulikuwa umekaa wapi? Maana kiti nilikiona."

"Tumbo lilinisumbua."

Mimi ndiye niliyemzaa. Nilimwangalia akikomba sahani kwa kidole, nikajisemea, hili tumbo lina ratiba yake.

Jumapili alikuwa anaoga, simu ikawaka juu ya meza, ujumbe kutoka kwa Kilemba. Mkwe wangu akaisoma, akanisogezea. Nilisoma pole pole, maana shule niliishia darasa la sita na herufi za simu ni kama mayai ya chawa:

"Alhamisi ndiyo kura ya mwisho. Kengele ikilia natoka, na wewe utoke. Tafadhali usinigeuke."

"Inaweza kuwa mambo ya kazi," nikasema.

"Mama, mtu anatoka kazini kwenda kufanya mambo ya kazi?"

"Mimi nimesema inaweza tu."

Alikaa kwenye mkono wa kochi, akatazama ukuta. Akaniambia habari za Kilemba kama mtu anayejikuna kidonda. Kwamba amependeza siku hizi. Kwamba miezi iliyopita alikuwa amejaa, anavaa magauni kama mahema, na sasa kiuno kimerudi, uso unang'aa, macho yana usingizi.

"Mwanamke hang'ai hivyo bure," akasema. "Yule anapendwa."

"Au anapaka mafuta mazuri."

"Alhamisi nakwenda. Nitawafumania."

"Nakwenda na wewe," nikasema, kwa sababu sinema haitazamwi kwa kusimuliwa.

Mke na mama wa mbunge wana ruhusa ya kukaa jukwaa la wageni, kule juu. Mkwe wangu alivaa gauni zuri na viatu bapa. Nilipoviona viatu nikajua kuna mbio. Mwanangu hakuambiwa. Alikuwa chini yetu, upara wake mdogo unaonekana vizuri, anazungusha kalamu.

Kilemba alisimama kuchangia mjadala. Akasema ahadi ya kampeni si manukato, upulize uende zako. Akasema kuna mkunga mahali fulani anazalisha kwa mwanga wa mshumaa. Nilimwona mkwe wangu anatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba anamchukia, akaacha.

Spika akatangaza kura. Kengele ikaanza kulia, ile ya kuwaita waliotoka nje, na ikinyamaza milango inafungwa. Mwanangu akasimama. Kushoto. Kilemba akasimama. Kulia.

"Mama, shuka."

Tulishuka ngazi mimi nimeshika ukuta. Kwenye ukumbi wa chini mama wa usafi alikuwa anapiga deki. Mkwe wangu akamuuliza mbunge wa kiti cha nguzoni amepita wapi.

"Yule na yule mama wa kilemba? Chumba cha mwisho, baada ya kile cha chai. Hawakosi wale."

Hilo neno "hawakosi" lilimwingia mkwe wangu kama mwiba. Alitembea mpaka chumba cha mwisho bila kunisubiri. Hakubisha hodi.

Nilipofika mlangoni niliona haya: mwanangu yuko kwenye kochi, viatu amevua, na begani amelaza mtoto mchanga, anampigapiga mgongo acheue. Kilemba amekaa karibu, kilemba amekivua, anafunga vifungo vya gauni kifuani.

Kengele ilikuwa bado inalia. Mkwe wangu alimtazama mtoto, na mimi nikamtazama mtoto, nikitafuta masikio ya ukoo wetu, maana sisi masikio yetu hayafichiki. Hayakuwapo. Pua yetu nayo haikuwapo. Nikashusha pumzi, lakini sikumwambia mtu.

Pembeni palikuwa na bibi wa makamo yangu, ana chupa ya chai mapajani.

"Karibuni," akasema. "Mnamtafuta nani?"

"Mume wangu," akasema mkwe wangu.

"Mchukueni. Amemaliza biskuti zetu zote."

Ndipo Kilemba akainuka, akaeleza haraka haraka kwamba mtoto ni wake na wa mumewe aliyeko kazini, kwamba bibi huyu ni mama yake mzazi, kwamba bungeni mtoto haruhusiwi kuingia na wakati wa kura milango hufungwa, na huyu wa kwake chupa haitaki. Mkwe wangu alimsikiliza huku anamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni: magauni ya mahema, kiuno kilichorudi, macho yenye usingizi. Mkunga wa miaka yote hiyo, anayeweza kumtambua mjamzito kwa mgongo akiwa ng'ambo ya barabara, na mimba hii iliiva mbele ya macho yake kwenye runinga asiione. Wivu ni mtoto wa jicho.

"Na wewe?" akamgeukia mumewe. "Unanyonyesha pia?"

"Ni jozi, mke wangu. Desturi ya huku. Wa upinzani akiwa na dharura, wa serikali mmoja anajitolea kutoka naye, kura zinabaki sawa, hakuna anayemwonea mwenzake. Mwenzangu ana mtoto. Nikajitolea. Ni ubinadamu tu."

Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeshaitazama chupa ya chai. Lakini mkwe wangu alikuwa bado amesimama, na uso wake badala ya kulegea ulikuwa unakaza.

"Kura ya barabara ulikaa," akasema.

"Siku ile..."

"Kura ya posho zenu ulikaa. Nilikuona, ulinyoosha mikono miwili. Unatoka za zahanati tu. Na huyu dada, siku hizo nyingine alitoka na nani?"

"Na wengine," akasema Kilemba taratibu. "Za afya alikuwa anakuja yeye kuniuliza kama nina haja ya kutoka. Nilishukuru, dada. Sikuuliza kwa nini."

Mwanangu alimtazama mtoto kana kwamba angemsaidia. Mtoto akacheua.

"Nikisema ndiyo, chama kinanitupa," akasema mwishowe. "Nikisema hapana, nitarudi vipi nyumbani? Nitakutazama na macho gani?"

"Kwa hiyo ukaona usiwepo."

"Nikaona nisiwepo."

Mkwe wangu alikaa kwenye kiti.

"Ningekukuta na mwanamke ingekuwa afadhali," akasema. "Ningejua pa kushika. Yeye ningemshika kilemba, wewe kola, tukamalizana. Sasa nimshike nani? Uliposhindwa kusema jukwaani, mimi nilisema. Wale wanawake hawakuuamini uso wako, waliuamini wangu. Kila anayekuja na tumbo tu ananitazama mimi. Na wewe umekaa huku unakula biskuti."

"Nisamehe."

"Vaa viatu."

"Mke wangu, nikiingia leo ni kura ya kuitwa majina. Wote watasikia."

"Ndiyo maana. Ukitaka kusema hapana, nenda kaseme hapana. Nitagomba mwezi mzima, lakini nitakuwa nagombana na mume. Siwezi kuwa mke wa kiti kitupu."

Akamchukua mtoto begani kwake, akamgusa tumbo kwa vidole viwili, akamwambia Kilemba, "Huyu ameshiba na atalala. Mimi ni mkunga, nakwambia. Kimbia."

Kilemba alimtazama mwanangu. "Jozi tumeivunja?"

"Tumeivunja," akasema, anahangaika na kamba ya kiatu.

Wakatoka wanakimbia pamoja, mmoja anafunga kilemba, mwingine kamba inaburura. Kama kuna mtu aliwaona kwenye ukumbi, basi aliona vibaya sana. Kengele ikanyamaza.

Ukutani pale palikuwa na runinga ndogo. Tulikaa wanawake watatu na mtoto, tukaangalia majina yakiitwa. Ndiyo ya mpinzani. Hapana ya serikali. Ndiyo. Hapana. Hapana. Likaja jina la mwanangu. Akasimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele.

Karani akarudia jina. Mbele yake alikaa mnadhimu wa chama, yule anayehesabu kondoo wasipotee, akageuza shingo kumtazama. Mkwe wangu alikuwa amembana mtoto wa watu mpaka bibi akamgusa mkono.

"Ndiyo," akasema mwanangu. Sauti ilitoka kama ya jogoo mdogo anayejifunza.

Ukumbi ukavuma. Aliyefuata ni mzee mmoja wa chama hicho hicho, mwenye kikohozi. Akakohoa, akatazama dari, akasema ndiyo. Baada yake mwingine. Kumbe hofu yao ilikuwa foleni, kila mmoja anangoja wa mbele asogee. Si wote, wengi walibaki na hapana zao. Lakini muswada ulipita, na wapinzani wakapiga meza mpaka mtoto akaamka.

Mkwe wangu hakupiga kelele. Alimrudisha mtoto kwa bibi yake, akajifuta macho kwa kitambaa cha kucheulishia, akagundua ni cha nini, akakirudisha.

Mwanangu alitukuta mlangoni. Simu yake ilikuwa inalia bila kukoma, akaizima.

"Ulikuja kunifumania," akamwambia mkewe.

"Nimekufumania."

"Uchaguzi ujao chama hakitanisimamisha."

"Utasimama mwenyewe. Mdomo ninao mimi." Akainama, pale pale kwenye ukumbi wa waheshimiwa, akamfunga ile kamba ya kiatu.

Mipira ya mikono ilichelewa, ikaja pungufu, lakini ilikuja, na taa ikaja baadaye. Mama wa kwanza kuhudumiwa kwa taa hiyo, mkwe wangu alimuuliza, "Umekuja na nini?" Akajibu, "Na tumbo tu." Nyumbani tulilala tunacheka.

Bado tunaangalia bunge. Kura ikitangazwa, viti vyote viwili vina watu. Juzi Kilemba alisimama kuzungumza, mwanangu akamtazama mpaka akamaliza, akapiga meza.

"Mama," akasema mkwe wangu, "mbona siku hizi mume wangu anakaa amegeukia upande ule?"

Nilimwomba tu asogee kidogo, nione vizuri.