Tone la Mwisho

Rangi ya waridi iligoma kutoka. Mambo yalianzia hapo, na laiti Mwalimu Hodan angeyamwaga yale maji dirishani saa ileile, leo pasingekuwa na hadithi, nawe ungelala usingizi wako vizuri.

Ilikuwa alasiri ya joto katika maabara ya shule moja ya wasichana nje kidogo ya Garsen. Kidato cha nne walikuwa wakijinoa kwa mtihani wa taifa wa kemia, ule wa vitendo. Kila msichana alisimama mbele ya bureti yake, mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, akidondosha tindikali ndani ya chupa yenye alkali. Alkali ikitiwa kiashirio hugeuka waridi. Tindikali ikitosha, waridi hutoweka ghafla, maji yakabaki maangavu kama hayakuguswa. Hata mtoto wa kidato cha pili anajua hilo. Lakini chupa ya Tamar ilikuwa imekwisha kunywa bureti nzima na bado ilikuwa waridi.

"Madam, hii kitu imegoma," Tamar alisema. Alikuwa binti wa wakulima wa Kilelengwani, hodari kuliko wote darasani, na hakuzoea kugomewa na kitu.

"Kitu hakigomi, Tamar. Umekosea kupima. Rudia."

Tamar akashika pipeti, ule mrija wa kioo wenye tumbo katikati. Vipira vya kufyonzea vilikuwa vimepasuka kwa joto zamani, kwa hiyo wasichana walifyonza kwa mdomo kama wanywa soda, jicho likiwa kwenye alama. Alifyonza, akaziba kwa kidole, akaishusha alkali chupani, akagusisha ncha kwenye kioo na kuiinua. Kwenye ncha likabaki tone moja.

"Na tone la mwisho?" Hodan aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Si letu!" darasa zima liliitikia. "Tunaliacha!"

Ndiyo kanuni. Aliyeitengeneza pipeti amekwisha kulitoa tone hilo katika hesabu yake, na anayelipuliza litoke anaharibu kipimo. Hodan aliwaimbisha wasichana wake jambo hilo hadi wakawa wanaweza kulisema usingizini.

Tamar alipofyonza tena, ncha ilichomoka kidogo juu ya maji. Hewa ikaingia na alkali ikaruka hadi kooni. Akakohoa, akatema, lakini funda moja lilikwisha kushuka.

"Sukutua haraka!" Hodan alimkimbilia na kikombe cha maji.

Alkali ni chungu kama sabuni na huchoma ulimi. Tamar alijilamba midomo polepole.

"Madam," alisema, "ni tamu."

Sasa nikwambie lile ambalo Hodan hakumwambia mtu. Maji ya maabara, yale yaliyosafishwa kwa mvuke, yalikuwa yamekwisha. Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko na mtihani ulikuwa mlangoni. Basi jioni iliyotangulia, magharibi inaingia, alikwenda na jerikeni hadi kidimbwi cha mto wa kale, pale Tana ulipohama ukaacha maji yake nyuma. Mto wenyewe ulikuwa matope matupu, lakini maji ya pale yalikuwa maangavu ajabu. Wanawake wa upande ule hawayateki magharibi, na hata mchana hawayateki bila kusimama ukingoni na kuomba. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani alimwambia, "Mwalimu, omba kwanza." Hodan alitabasamu tu. Kwao Bangale kisima kina mwenyewe, lakini mwenyewe unamwona kwa macho, amesimama na fimbo yake. Hapa hakumwona mtu. Akachota, akayachemsha, akayachuja, akayachanganyia alkali ya darasa, akajiambia kwamba maji ni maji.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, ila safari hii guu lililovunjika halikuwa lake.

Jioni ya siku ile Tamar alipomeza alkali, mlango wa nyumba ya Hodan uligongwa. Alikuwa Khadra, jirani wa Tamar bwenini, hana hata viatu. Khadra alikuwa binti wa Bangale kama Hodan. Hodan mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa baba yake kumwombea asome sayansi badala ya kuozwa, na baba huyo, Mzee Siyad, alimjibu kwa ufupi: "Shule siijui. Nakukabidhi wewe." Tangu siku hiyo Hodan alimtazama msichana yule kwa jicho la mama.

"Madam, njoo," Khadra alinong'ona. "Tamar amekunywa jagi lake, akanywa langu, sasa amekunywa ndoo ya kuoga. Na ametoka. Ameenda kule maabara."

Umeme ulikuwa umepotea. Walipokaribia walisikia sauti kabla ya kuona chochote: to, to, to, kama mvua inayoishia kwenye bati. Hodan alisukuma mlango, na harufu ikampiga usoni, harufu ya tope la chini kabisa la mto, tope lisiloona jua, na juu yake harufu ya udi, ingawa hakuna aliyechoma udi. Akainua simu yake kumulika, na mwanga ukapita juu ya meza moja hadi nyingine, na kwenye kila meza bureti iliyooshwa na kukaushwa na kufungwa koki kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa ikidondosha maji, zote kwa pamoja, tone kwa tone, kama zinafuata pumzi ya mtu mmoja, na mwanga ulipofika pembeni ukamkuta mtu huyo amechuchumaa, mdomo umeziba mdomo wa jerikeni, koo linapanda na kushuka, macho wazi yakimtazama Hodan bila kupepesa.

"Tamar," aliita, na sauti yake ilimtoka ndogo kama ya mtoto.

Tamar aliiweka jerikeni chini. Ilikuwa tupu.

Kituo cha afya walimpima kila kitu, malaria, sukari, figo, wakakuta safi. Akarudishwa shuleni na kulazwa katika chumba cha wagonjwa, na godoro lake likawa halikauki. Habari zikaenea, maana bweni la wasichana halina siri. Mmoja akasema hagusi tena pipeti. Wa pili akaomba aruhusiwe kuacha kemia. Mzazi mmoja alipiga simu kutoka Hola kusema kwamba alijua tangu mwanzo, msichana na hayo mamichupa ni kuitana na mashetani.

Mwalimu mkuu alimwita Hodan ofisini. "Ikifika Jumatatu huyu mtoto hajapona, anarudi kwao. Na ile maabara naifunga, mtihani au hakuna mtihani. Siwezi kupigana na wazazi wote."

Hodan alitoka nje. Aliogopa, na aliona haya kwamba aliogopa. Akisema ukweli kuhusu maji, kazi imekwenda. Akinyamaza, Tamar aliyetaka kuwa daktari atarudi kupalilia mpunga akiwa na kiu isiyokwisha, na wale wengine watarudi kuozwa. Akanyamaza. Binadamu ndivyo alivyo, hata akiwa na digrii.

Jumapili mchana mama yake Tamar alifika. Jina lake Elsie, mwanamke mwembamba aliyetoka kanisani moja kwa moja, Biblia bado iko kwapani. Pamoja naye alikuwa mzee wa Kipini mwenye kofia ya kiua, Ustadh Abdulmalik, anayejulikana mto mzima kwa kuzungumza na wasioonekana.

"Mwalimu, mimi nimeomba mpaka sauti imeisha," Elsie alisema. "Pasta pia ameomba. Sasa yeyote atatoa hii kitu kwa mtoto yangu, mimi nakubali."

"Mama Tamar, nikiruhusu chetezo kiingie maabara, kesho kila baba atasema sayansi ndiyo iliyoleta jini."

Ustadh hakubishana. Aliinama kitandani, akamnusa msichana, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, mai haya yametoka wapi?"

Kabla Hodan hajajibu, Tamar aligeuza shingo. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa tulivu, nzito, na nyuma yake kulisikika maji yakitembea.

"Binti wa Bangale," ilisema. "Ulichukua bila neno. Nami nimechukua bila neno."

Elsie aliiacha Biblia ikaanguka. Hodan aliketi sakafuni na kulia, na akiwa palepale chini akasema yote: jerikeni, magharibi, yule mama wa shambani, tabasamu lake la kijinga.

"Basi," alisema Ustadh. "Ndia aloingilia ndiyo ndia atakayotokea. Na alotwaa ndiye arudishao. Kileteni hicho kioo mlichomfyonzea."

Wakampeleka maabara. Ustadh alichoma ubani, akafunga madirisha, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Hodan alishika chupa chini ya kidevu cha Tamar. Kwa muda hakukuwa na kitu ila joto na moshi. Kisha bureti zikaanza, to, to, to, na tumbo la msichana likajikunja, na maji yakaanza kumtoka mdomoni, maangavu, baridi kama ya mtungini, yakaingia chupani na kugeuka waridi yenyewe bila kutiwa kiashirio.

"Fyonza," Ustadh alisema. "Utie kwenye hii chupa yenye kizibo. Yasikuguse ulimi, mwanangu. Yakikugusa, ni wako. Na asisalie hata tone."

Hodan aliweka pipeti mdomoni. Mdomo ulijua kazi yake. Akafyonza, na maji yakapanda taratibu ndani ya kioo, na yalipofika kwenye tumbo la pipeti aliona kitu ndani ya waridi kikigeuka kumtazama, na yakaendelea kupanda ingawa alikuwa ameacha kufyonza, yakaipita alama, yakaufuata mdomo wake kwa haraka kama mbwa aliyeitwa, na bureti zote zikadondosha kwa kasi, na Tamar akapiga ukelele, na Elsie akawa anataja jina la Yesu na Ustadh anasoma bila kupumua, hadi unywele mmoja tu kabla ya midomo yake Hodan akachomoa mdomo na kuziba kwa kidole. Kidole kikaganda kwa baridi. Hakukiachia.

Akashusha maji kwenye chupa ya kizibo. Akafyonza tena, na tena, hadi chupa ya kwanza ikakauka. Mara ya mwisho alisubiri maji yateremke yote, akagusisha ncha kwenye kioo na kuiinua, kisha akafunga kizibo. Bureti zikanyamaza zote kwa pamoja.

Tamar alifumbua macho. "Mama? Kwani leo ni visiting?"

Elsie alimkumbatia mwanawe, akamkumbatia Hodan, akamkumbatia hata Ustadh, ambaye alijitahidi kutazama pembeni.

Jua lingali juu, Hodan alipanda pikipiki hadi kidimbwini. Alivua viatu, akasimama ukingoni. "Mwenye maji," alisema, "nilichukua bila kuomba. Nisamehe. Nimekurudishia yote." Akamimina. Wimbi dogo likaja hadi kwenye vidole vyake vya miguu na kusimama hapo, halirudi, kama mtu anayengoja aongezewe. Hodan alidhani ni upepo. Akaondoka akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Maabara haikufungwa. Maji safi yalifika barabara ilipofunguliwa, na Hodan akaosha vyombo vyote kwa mikono yake, akapanga pipeti zote pamoja, na ile ikiwemo, maana zilikuwa zinatosha watahiniwa tu.

Siku ya mtihani yeye alikaa katika chumba cha maandalizi, akitazama kupitia kioo cha mlango. Msimamizi alitoa ishara. Wasichana wakainamisha vichwa, wakafyonza, wakaziba. Tamar alikuwa mbele, mkono wake imara. Waridi ya chupa yake ikatoweka kama inavyotakiwa, na Hodan akahisi machozi ya furaha yakimlenga. Wakafyonza kwa mara ya pili. Wakashusha. Kisha wasichana wote, kwa pamoja, kama alivyowafundisha, waligusisha ncha kwenye kioo, wakainua pipeti, na kwenye kila ncha likabaki tone moja linalong'aa.

Hapo ndipo alipokumbuka. Asisalie hata tone, Ustadh alisema. Naye aligusisha, akainua. Hakupuliza. Mdomo wake ulijua kazi yake.

Akashika kitasa, macho yakikimbia mkono hadi mkono, lakini pipeti zote zinafanana.

Katika safu ya nyuma, karibu na dirisha, msichana mmoja alikuwa ameacha kuandika. Bureti yake ilikuwa tupu na chupa yake ilikuwa bado waridi. Alijilamba midomo polepole, kisha akainua mkono.

"Samahani, sir," alisema Khadra. "Naomba maji ya kunywa."