Samaki Waoga wa Nyumbani kwa Revelian

Wazazi wenzetu, Temeke ya enzi za Mwingereza ilikuwa na raha yake, na waliokuwapo wataisimulia mpaka mate yawakauke. Mikorosho ilifika hadi nyuma ya vyoo, na jirani akikaanga samaki ulijua leo kwake kuna neema. Lakini raha ya nyumba haijengwi na mikorosho. Sikilizeni yaliyompata Auleria.

Auleria alitoka Bukoba kumfuata mumewe, Revelian, aliyekuwa karani katika ghala moja karibu na bandari. Walikuwa na binti mmoja, Kokushubila, mtoto mwenye haya za kupita kiasi. Mgeni akibisha hodi, Koku yuko nyuma ya mlango. Akiulizwa jina, anatazama vidole vya miguu.

Mzungu mmoja wa pale ghalani alipokuwa akirudi kwao, alimwachia Revelian tangi la kioo. Masika yalipokolea, baba na binti walikwenda mpaka kwenye madimbwi ya chini ya vilima vya Pugu. Walirudi wamelowa chapachapa, na ndani ya debe mna samaki wadogo, urefu wa kidole cha mwisho, madume yana mikia myekundu kama pilipili iliyoiva.

Samaki wale walikuwa waoga mno. Kivuli cha mtu kikipita tu, wote chini ya majani, au ndani ya kigae cha chungu ambacho Auleria aliwatilia humo. Kuwaona kulitaka utulivu. Basi kila alasiri Revelian akirudi kazini huvua viatu, akaketi mkekani na bintiye, wote kimya, mpaka samaki mmoja atoe pua, kisha wa pili. Hapo ndipo ulimi wa Koku ulipofunguka. Aliwapa majina, akamsimulia baba yake nani kagombana na nani. Auleria, akichambua maharage mlangoni, alisikia sauti ya mwanawe ikimiminika, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Hata uzeeni aliendelea kuzitaja alasiri zile: harufu ya ndizi jikoni, adhana kutoka msikiti wa jirani, na mumewe akicheka chini chini ili asiwatishe samaki.

Ah, binadamu na sifa! Habari za tangi zilienea. Makarani wenzake wakaanza kuja Jumapili baada ya misa, na tembo la mnazi kwenye vibuyu. Walitaka kuona maajabu, na samaki hawakutoka. Revelian akafedheheka. Akagonga kioo kwa pete yake, ko, ko, ko! Samaki wakazidi kujificha.

"Baba Koku, utawaua kwa hofu," Auleria alimwambia.

"Sasa samaki wasioonekana ni wa nini?"

Ikafika Jumapili moja akamgeukia binti yake. "Koku! Njoo uwaimbie wageni wimbo wa Kiingereza mliofundishwa shuleni."

Mtoto akaja, akasimama katikati ya chumba. Midomo ilitetemeka, neno halikutoka. Revelian, tembo limeshampanda, akaangua kicheko. "Mnaona? Mwanangu na samaki wangu ni kitu kimoja. Wanakula bure! Bubu huyu."

Wakacheka wote, na jina likaganda. Tangu siku ile kila mgeni akiingia huuliza: "Bubu yuko wapi?"

Wageni walipoondoka, Revelian alimwinamia mtoto. "Usinitie aibu tena mbele za watu. Kama huna la kusema, nyamaza kabisa."

Koku akatii.

Jumapili nyingine Gozbert, rafiki mkubwa wa Revelian, alikuja na kambale ndani ya ndoo. "Huyu ndiye samaki wa kiume, haogopi mtu!" Wakamtumbukiza tangini kwa shangwe. Siku chache tu, kigaeni hamna kitu. Koku alisimama mbele ya kioo, akamtazama yule kambale, akaondoka bila kulia.

"Umeona ulichofanya?" Auleria alimwuliza mumewe.

"Samaki wa dimbwini tu hao. Masika yakija tutaleta wengine."

Ndipo Koku akaanza kujifunga kitambaa kichwani, akila kidogo, akilalia ubavu mmoja. Mama yake akimwuliza, anatikisa kichwa. Na Auleria naye, jamani, alikuwa hoi kwa kuwapikia wageni. Alidhani ni haya zile zile.

Asubuhi moja jirani yao Hamisa, mke wa Salumu dereva wa lori, alikuja kuomba chumvi. Akampitishia mtoto mkono shingoni, akaurudisha haraka.

"We mama Koku! Mtoto anawaka moto huyu. Na harufu hii?" Akakifungua kitambaa. Usaha ulikuwa ukitiririka sikioni, na nyuma ya sikio pamevimba kama yai.

"Mwanangu, mbona hukusema?" Auleria alilia. Koku alifumba macho tu.

Salumu aliwapakia kwenye lori la mchanga, mbio mpaka hospitali ya mjini. Daktari alimpasua mchana ule ule. "Mngekawia kidogo, usaha ungeingia kwenye ubongo," alisema. "Maumivu haya si ya leo wala jana. Hakuwa akilia?"

Auleria alikikunja kile kitambaa cha kichwani, akakikunjua, akakikunja tena.

Revelian alifika kutoka ghalani, penseli ingali imechomekwa sikioni. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Koku, mama, kwa nini hukumwambia baba?"

Mtoto alifumbua macho. Kisha akasema kwa sauti nyembamba: "Ulisema nisikutie aibu."

Revelian alitoka, akaegemea ukuta wa nje, akalia huku wapita njia wakimtazama.

Koku alipona, ila sikio la kushoto halikusikia tena. Kambale alikwenda kwa Hamisa akawa kitoweo, na tangi likawekwa uani, kuku wakawa wananywea maji. Tembo Revelian hakuliacha kwa siku moja. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, mwisho akaliacha. Gozbert alipokuja na kumwulizia bubu, Revelian alimzuia mlangoni. "Ana jina lake. Anaitwa Kokushubila. Likikushinda, rudi na kibuyu chako."

Akajifunza kumwuliza binti yake neno, kisha kungoja. Mara nyingine alingoja mpaka chai ikapoa. Auleria aliyaona hayo, akamsamehe, ingawa moyo ulichukua muda wake.

Miaka ikapita, Koku akaolewa Mbweni. Siku ya harusi wageni walishangaa kumwona mzee Revelian akipenya taratibu katikati ya watu, akizunguka mpaka upande wa kulia wa bintiye, wa sikio linalosikia, ndipo akamnong'oneza alilotaka kumwambia. Na bibi harusi akacheka kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

FUNZO

Wazazi, mtoto mwenye haya si bubu wala si mjinga. Msimfanye tamasha la wageni, wala msimpe jina la dhihaka ili watu wacheke. Wageni huondoka kibuyu kikikauka, neno la mzazi hubaki na mtoto. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoto anayeogopa kukuaibisha ataogopa pia kukuambia anapoumwa. Mwulizeni leo, kisha mnyamaze, mumpe nafasi ya kujibu.