Pafu Limepona, na Mwenye Pafu?

Mkono wa chuma ulishuka kutoka darini, ukafungua kifungo kimoja tu cha gauni la Tunu, ukasikiliza, ukakifunga tena.

"Pafu limepona," ilisema mashine. "Anayefuata."

Hiyo ndiyo Tabibu-Pafu. Katika Jumba la Tiba la Kilimahewa kila kiungo kilikuwa na mashine yake: Tabibu-Ngozi ghorofa ya tatu, Tabibu-Ubongo juu kabisa. Zilikuwa hodari kweli. Ila zenyewe kwa zenyewe hazikusemezana.

"Pafu limepona, na mwenye pafu je?" Sikitu alifoka. Binti yake Tunu, wa miaka mitatu, alikuwa amemlegea begani kama kanga iliyolowa. "Tangu juzi haamki hata kula!"

"Usingizi si wa idara hii."

Akapanda, akashuka. Ngozi safi. Ubongo hauna kasoro.

Mlangoni alikaa mzee Mhina. Zamani alikuwa daktari wa watoto: anamjua mtoto tangu chanjo ya kwanza, anampeleka kwa bingwa anayefaa, na majibu yote yanarudi kwake. Wakubwa wakasema hana ubingwa wa kiungo chochote, wakampa kazi ya kuelekeza watu kwenye lifti.

"Lifti ipi, mama?"

"Ipi tena, babu! Zote nimezipanda."

Mzee akamtazama mtoto. "Anaitwa nani?"

Sikitu akashtuka. Tangu asubuhi hakuna aliyeuliza. "Tunu."

"Mvue nguo zote. Na dawa zake mimina hapa mezani."

Akamkagua utosi hadi unyayo, kisha akashika chupa tatu: ya kikohozi, ya muwasho, ya kuweweseka usiku.

"Lahaula! Dawa moja hii, majina matatu. Kila mashine imempa kipimo chake sawasawa; vikijumlishwa ni mara tatu, ndiyo maana mtoto anazimika."

Hakuomba ruhusa. Akambeba mwenyewe mpaka wadini, akamtundikia maji, akakaa naye. Alasiri Tunu akafumbua macho, akadai uji.

Ndipo dari likanguruma: "Mhudumu wa lifti, umegusa mgonjwa bila ubingwa. Rudi mlangoni."

"Harudi!" Sikitu akasimama. "Mwenyezi Mungu kaniumbia mtoto mzima, nyie mkamgawana kama nyama buchani! Na yule mgonjwa aliyetolewa humu jana kafunikwa shuka, viungo vyake navyo vilikuwa vizima kimoja kimoja?"

Mhina hakuinuka; akamlisha Tunu kijiko kingine cha uji.

Kule mlangoni lifti zilifunguka, zikajifunga tupu. Mama mmoja alikuwa amekwisha kufika kando ya kitanda cha Tunu, mwanawe mgongoni.

"Babu," alisema, "wangu anaitwa Chausiku."