Kapita Hataki Kula

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ketsia alifagia uwanja wa nyumba yao mtaani Rwambuzi, akachota maji, kisha akaenda nyuma ya jiko kumwangalia Kapita. Kapita alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo mwenye manyoya laini na asiye na mkia, ambaye watu wengi wa Bunia humwita kobaye. Hakuwa mali ya Ketsia. Alikuwa wa rafiki yake Noëlla, mwenzake wa mwaka wa sita shuleni.

Siku chache kabla ya Noeli, Noëlla na mama yake walikwenda Mahagi kumwuguza nyanya aliyekuwa mgonjwa. Noëlla alimleta Kapita ndani ya boksi la sabuni.

"Umukatie majani mubichi kila siku," alisema. "Kila siku, Ketsia."

"Nitamukatia," Ketsia alijibu. "Weye uende tu, usimufikirie."

Mwezi mmoja ulipita. Jumatatu moja ya Januari, Ketsia alikuta chakula cha jana kiko palepale. Kapita alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kibanda chake, manyoya yamesimama. Ketsia alimsogezea kipande cha kiazi kitamu. Kapita alikinusa, akakishika kwa meno, kisha akakiacha kianguke. Akakinusa tena. Akakiacha tena.

Ketsia alichuchumaa akimtazama mpaka akasahau saa. Aliyeshiba hakisogelei chakula mara mbili. Kapita alikuwa na njaa, lakini kuna kitu kilimzuia kula. Kitu gani?

"Ketsia, utachelewa masomo," mama yake, Mama Immaculée, aliita kutoka jikoni.

"Mama, Kapita iko anataka kula, lakini hakule."

Mama alikuja akijipangusa mikono. Alikuwa fundi wa kushona, na macho yake yalizoea kutafuta vitu vidogo. Aliinama, akamtazama Kapita kwa muda. "Tangu lini?"

"Leo. Pengine jana. Sikuangalia muzuri."

"Kama hata ukitoka masomo hajakula, umupeleke kwa Papa Alphonse. Ni yeye munganga wa nyama." Huko Bunia munganga ni daktari, na nyama si ile ya sufuriani tu, hata mnyama aliye hai huitwa hivyo.

Ketsia aliporudi kutoka shuleni alijaribu kila alichokipata nyumbani. Kapita alinusa mkate, akauacha. Alinusa wali, akauacha. Ndizi aliilamba kidogo, akageuza kichwa. Alipotembea, mguu wake mmoja wa nyuma haukukanyaga vizuri. Hilo nalo lilimshangaza Ketsia. Mguu una uhusiano gani na kula? Akamweka Kapita ndani ya boksi, akashika njia ya sokoni.

Papa Alphonse alikuwa na chumba kidogo cha dawa karibu na soko. Asubuhi alizunguka kwa pikipiki kwenye mazizi ya ng'ombe nje ya mji, na mchana alikaa pale akiwa bado na mabuti ya mpira miguuni. Alimpokea Ketsia kama anavyompokea mfugaji mwenye ng'ombe ishirini.

"Karibu, mama. Tuone mugonjwa wako."

Alimpima Kapita kwenye mizani ndogo, akaandika namba, kisha akamfungua mdomo kwa kidole, akamulika ndani kwa tochi. "Kwanza tuangalie meno. Meno ya kobaye hayaachaki kukua. Yakipita kipimo, anashindwa kutafuna."

"Kwa nini hayaachi kukua?" Ketsia aliuliza, akisogeza kichwa ili naye aone.

"Kwa sababu majani yanayasaga kila siku. Yasipokua, yataisha." Papa Alphonse alizima tochi. "Meno iko muzuri. Fizi ni nyekundu kidogo. Sasa uniambie: uko unamupa nini?"

Ketsia alitazama boksi. "Majani mubichi, Papa. Kila siku."

Hiyo haikuwa kweli. Wiki ya kwanza Ketsia alikata majani kila siku, kama alivyoahidi. Lakini kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote za karibu, na majani mabichi yalibaki kule chini kijitoni tu, mwendo mrefu kwenda na kurudi. Wakati huo huo wasichana wa mtaa walikuwa wakicheza nzango kila alasiri, mchezo ule wa kuruka na kurusha mguu huku wengine wakiimba na kupiga makofi, na Ketsia alikuwa mmoja wa wachezaji hodari. Basi alianza kuchota pumba za mahindi kwenye gunia la kuku wa mama. Kapita alizila. Siku ya pili alizila tena, na siku ya tatu. Wiki tatu zikapita hivyo. Noëlla alipotuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama kuuliza habari, Ketsia alimjibu kuwa Kapita alikuwa akila majani na kunenepa.

"Kama anakula majani mubichi, basi haiko kile nilikuwa nafikiri," alisema Papa Alphonse. Alifungua kabati la dawa. "Tujaribu dawa ya minyoo. Siku mbili zikipita, urudi uniambie."

Jumanne Kapita alibaki vilevile. Jumatano alikuwa mwepesi mikononi kama kitambaa. Ketsia alipokuja kumwondolea kiazi alichokikataa, aliona alama za meno juu yake, na kando ya alama hizo doa jekundu. Alikipeleka kiazi kwenye mwanga. Ilikuwa damu.

Alikaa chini na kiazi mkononi. Minyoo hukaa tumboni, aliwaza. Damu hii imetoka mdomoni. Basi dawa imekwenda mahali pasipo na ugonjwa. Kwa nini munganga, mtu anayeponya ng'ombe wakubwa, alikosea njia? Alijiuliza hivyo mpaka jibu likamjia. Munganga hakukosea njia. Alikuwa ameuliza njia, naye Ketsia akamwonyesha nyingine.

Alikifunga kiazi katika jani la mgomba, akamchukua Kapita, akaenda sokoni karibu mbio. Njiani alipanga atakavyosema. Angeonyesha damu tu, na Papa Alphonse angejua mwenyewe la kufanya. Hakukuwa na haja ya kusema mengine.

Papa Alphonse alikigeuza kiazi kwenye mwanga. Kisha alimtazama Ketsia.

"Mama, nakuuliza tena. Kobaye huyu iko anakula nini?"

Maneno aliyoyapanga njiani yalimpotea. "Pumba," alisema kwa sauti ndogo. "Pumba tu. Wiki tatu. Nilikudanganya, Papa. Na Noëlla pia nilimudanganya."

Alingoja kukaripiwa. Papa Alphonse aligusa magoti ya Kapita kwa ncha za vidole, moja baada ya jingine, na Kapita akatoa mlio mdogo wa maumivu.

"Uone hapa. Magoti yamevimba. Ndio sababu anachechemea. Fizi zinatoka damu, ndio sababu anaacha chakula. Vyote viwili ni ugonjwa mumoja. Amekosa vitamini C, ile inapatikanaka ndani ya majani mubichi na matunda. Pumba haina. Juzi nilikuwa nafikiri ni hiyo, na weye ukanitoa njiani."

Ketsia alitikisa kichwa kukubali. Lakini swali lilimwasha, hata katika aibu yake. "Papa, kuku wa mama wanakula pumba ile ile. Kwa nini wao hawagonjwi?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Papa Alphonse alitabasamu. "Swali muzuri. Kuku anajitengenezea vitamini hiyo ndani ya mwili wake. Mbuzi pia, ngombe pia. Kobaye hawezi. Lazima aikule kila siku, kwa sababu mwili wake hauiweki sana akiba. Na kuna nyama ingine kubwa isiyoweza. Unaijua?"

Ketsia alifikiri. "Tembo?"

"Mutu. Weye na mimi."

Ketsia alimtazama Kapita kana kwamba anamwona leo kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo siye na Kapita tuko namna moja?"

"Kwa jambo hilo, ndiyo. Mama yako akikupa lengalenga na mapera, hakutesi." Lengalenga ni mboga ya mchicha.

Papa Alphonse alimpa seringi, lile bomba la kudungia dawa, lakini bila sindano yake. Alimwonyesha namna ya kuponda mapera na kukamua maji yake, namna ya kusaga majani mpaka yawe uji mwepesi, na namna ya kumshika Kapita akiwa amekaa wima. "Utie pembeni ya mdomo, kidogo kidogo. Ungoje ameze. Ukiharakisha, atapaliwa. Na majani laini yawe mbele yake saa zote."

Jioni hiyo Ketsia alimweleza mama yake yote. Mama Immaculée aliacha kukanyaga cherehani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Noëlla anarudi lini?"

"Siku ya posho," alijibu Ketsia. Ndivyo wanavyoiita Jumamosi huko.

"Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia maneno."

Tangu siku ile, Ketsia alitoka shuleni akashuka moja kwa moja kijitoni na mundu. Alipopita uwanjani, wenzake wa nzango walimwita, naye akawapungia mkono akaendelea. Aliosha majani, akayachambua, akaponda mapera. Alhamisi Kapita alimeza matone machache tu, mengine yakamlowesha kidevu. Ijumaa alimeza seringi mbili nzima. Jumamosi asubuhi Ketsia alimwekea jani moja la lengalenga, akajificha nyuma ya mlango wa jiko ili asimwogopeshe. Kapita alilinusa. Akalishika. Jani likaanza kupungua polepole kuelekea mdomoni, mpaka likaisha.

Noëlla alifika mchana huo akiwa bado na vumbi la barabara ya Mahagi kwenye nywele. Alimwinua Kapita, na furaha ikamtoka usoni.

"Amekonda. Na mguu wake?"

Ketsia alikuwa na majibu mepesi mengi. Kiangazi. Baridi ya asubuhi. Ugonjwa tu, kama magonjwa mengine. Aliyaacha yote. Alimweleza habari za pumba, za nzango, za uongo kwa munganga, na za doa la damu.

"Lakini ulinitumia sauti kwa telefone," Noëlla alisema. "Ulisema ananenepa."

"Nilikudanganya. Unisamehe."

Noëlla alimweka Kapita ndani ya boksi, akachukua seringi na majani aliyopewa na Ketsia, akaondoka. Ketsia alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Jumapili hawakuketi pamoja kanisani. Ketsia alilia kidogo nyuma ya jiko, karibu na kibanda kitupu, ila hakujutia alichokisema.

Jumatatu alasiri Noëlla alikuja akasimama mbali kidogo na mlango.

"Juisi yote inamwagika inje," alisema. "Weye unamushikaka namna gani?"

Walikwenda wote kwa kina Noëlla. Ketsia alimshika mkono, akamwonyesha: kifua hapa, miguu ya nyuma hapa, seringi pembeni, ungoje. Kapita akameza. Kesho yake walishuka pamoja kijitoni kukata majani, na kesho kutwa pia.

Wiki mbili baadaye walimpeleka Kapita kwa Papa Alphonse. Alimulika mdomo, akagusa magoti, akamweka kwenye ile mizani ndogo na kulinganisha na namba aliyoiandika mwanzoni. Kapita alikuwa ameongezeka, na alikanyaga kwa miguu yote minne akitafuta njia ya kutoka kwenye sahani ya mizani.

"Amepona," alisema Papa Alphonse. "Muendelee hivyo hivyo."

Kisha alivuta kiti, akakaa usawa wao. "Ketsia, ulifanya makosa mawili. La kwanza ni uvivu. Uvivu una dawa yake, ni miguu, na weye umeinywa dawa hiyo. La pili ni uongo. Huo ulifanya hata mimi nitibu ugonjwa usiokuwepo. Nyama haiwezi kuniambia inaumwa wapi. Mudomo wake ni yule anayeichunga. Mudomo huo ukidanganya, munganga hata akijua kazi yake namna gani, hawezi kusaidia."

Noëlla aliuliza, "Na kama yule anayechunga anaogopa kusema?"

"Aseme pamoja na uoga wake. Ketsia alikuja hapa anaogopa, lakini alikuja Kapita angali muzima. Ukweli ukichelewa siku mbili, naweza bado kutafuta dawa. Ukichelewa wiki mbili, hamuniiti tena mimi. Munatafuta jembe la kuchimba shimo."

Noëlla akamwinua Kapita kutoka kwenye mizani, akampa Ketsia ambebe mpaka nyumbani.