Mtu wa Mwisho Kumwona Babu

Kila siku masomo yalipokwisha saa sita na nusu mchana, Chiriku alikuwa na kazi moja iliyotangulia nyingine zote: kumpitia mdogo wake kwenye shule ya chekechea na kumfikisha nyumbani salama. Chiriku halikuwa jina lake la daftarini. Alibandikwa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, ambao, kwa maneno ya mama yake, ulipumzika usingizini tu, na kuna siku hata huko haukupumzika. Mdogo wake, mtoto wa miaka minne, aliitwa Babu kwa kuwa alirithi jina la baba mzazi wa mama yao. Mama hakuweza kulitaja jina la mzazi wake hivi hivi kila anapomkemea mtoto. Basi mtaa mzima ukamwita Babu, na mwenyewe akalipokea jina hilo akatembea nalo kifua mbele.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na sharti lake kwa Chiriku lilikuwa moja: mkono kwa mkono mpaka mlangoni.

Alhamisi moja, walipokuwa wakipita karibu na karakana za maseremala, Chiriku aliwakuta wasichana wa darasa lake wakiruka kamba.

"Chiriku, njoo! Mwenzio amefika sabini!"

Sabini! Miguu ilimwasha. Akamkalisha Babu kwenye ngazi ya duka lililofungwa.

"Kaa hapa, usisogee. Naruka mara moja tu."

"Mara moja," Babu alikubali, huku akionyesha vidole vitatu.

Mara moja ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa ya tatu. Alipofika themanini na nne bila kukosea, wenzake wakishangilia, aligeuka aone kama Babu naye anapiga makofi. Ngazi ilikuwa tupu.

Alikimbia huku na huko barabarani akiita mpaka sauti ikamkauka. Alichungulia nyuma ya duka na chini ya meza za wauza matunda. Wapi! Mwishowe akajipa moyo kwamba njia Babu anaijua, labda ameshatangulia nyumbani. Akatimua mbio.

"Babu yuko wapi?" mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

Chiriku alifungua mdomo aseme kweli. Kweli ilifika kwenye ncha ya ulimi ikakwama. "Nilimwacha hapa mlangoni, mama. Mimi nikapita uani kwenda chooni. Sasa simwoni."

Cherehani ikanyamaza.

Mwanzoni mama aliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Kisha akaita kwa nguvu. Kisha majirani wakatoka. Walitafuta chini ya vitanda, nyuma ya magunia ya mkaa, ndani ya kabati la nguo. Waliingia nyumba hadi nyumba, na kila aliyetoka alitikisa kichwa. Fundi bomba, jirani yao wa ukuta mmoja, alipiga simu kituo cha polisi. "Mtoto akipotea hangojewi mpaka kesho," alisema.

Kisha mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kifuniko cha tangi la maji lililochimbwa uani kimekaa upande."

Fundi bomba alikiondoa kile kifuniko, akapiga magoti, akaanza kuteremsha fito ndefu majini, polepole. Mama alisimama ukingoni akiwa bado ameshika shati dogo la shule lisilo na vifungo, na hakuwa na habari kwamba amelishika. Midomo yake ilicheza bila kutoa sauti. Chiriku hakuwahi kumwona mama yake hivyo. Alitaka kupiga kelele, "Hakufika hapa! Acheni fito hiyo!" lakini angesema hivyo, uongo wake ungejulikana.

Fito ilitoka bila kitu. Ndipo askari akafika, mwanamke mwenye daftari mkononi na jasho usoni.

"Nani alimwona mtoto mara ya mwisho?"

Macho yote yakamgeukia Chiriku. Askari alichuchumaa mbele yake. "Wewe ndiye dada yake? Ulimwona wapi mwisho?"

"Hapa ml..." Macho yakamwenda kwenye fito iliyolowa maji.

"Sikuulizi ili nikugombeze," askari alisema taratibu. "Nakuuliza ili nijue miguu yangu niielekeze wapi."

Machozi yakamtoka Chiriku. "Si hapa. Nilimwacha kwenye ngazi ya duka, karibu na maseremala. Nilikuwa naruka kamba. Mama, nilidanganya."

Mama alifumba macho. Chiriku alingoja kofi. Mama alisema neno moja tu: "Twende."

Walikwenda nusu wakitembea, nusu wakikimbia, na majirani nyuma yao. Hawakufika mbali. Mbele ya karakana ya pili, kandokando kabisa ya barabara, Babu alikuwa amekaa juu ya stuli mpya ndefu, miguu ikining'inia, vumbi la mbao limejaa nyweleni, ndizi mkononi.

Mama hakuweza kumkimbilia. Aliketi palepale kwenye maranda ya mbao. Babu alisaidiwa kushuka, akamfuata.

"Mama, umechelewa," akamlaumu.

Seremala alijifuta mikono. "Alifuata mkokoteni uliokuwa umebeba kitanda, akaingia nao mpaka ndani. Nikamuuliza, unaitwa nani? Babu. Babu wa nani? Babu wa Mama. Mama anaitwa nani? Mama. Mnakaa wapi? Nyumbani." Watu walicheka huku wakifuta machozi. "Basi nikamweka hapa mbele, mwenyewe akipita amwone. Nimekaa naye tangu saa saba, na sasa ni saa kumi. Nilikuwa nafunga kazi nimpeleke kituoni. Kule ndani kwa kelele za msumeno sikusikia kitu, na tangu nimweke hapa nje hakuna hata mtu mmoja aliyepita akiita."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Chiriku kuliko kofi lolote.

Askari alimshika bega. "Umesikia? Mtaa mzima ulikuwa ukimtafuta mdogo wako kwa moyo wote, mahali ambapo hayupo. Leo ameangukia mikono ya watu wema. Duniani wapo wazazi wengi ambao mpaka leo bado wanaita. Mtoto akipotea, kitu cha kwanza tunachohitaji ni ukweli, tena upesi. Kumwacha lilikuwa kosa, lakini uongo ndio uliotupotezea saa tatu." Akamgeukia mama. "Na huyu mzee wetu afundishwe jina lake kamili, na lako, na namba ya simu."

Jioni, Babu alipokwisha kuogeshwa na kulala, mama alimkuta Chiriku uani amejikunyata.

"Uliogopa nini, mwanangu?"

"Niliogopa utanichukia."

Mama aliketi karibu naye. "Ningekasirika. Hata sasa nimekasirika, na wiki hii kamba utaisikia kwa wenzako. Lakini hasira ya mama ina mwisho wake. Leo nimesimama juu ya tangi lile nikimngoja mwanangu atoke humo kwenye ncha ya fito." Akamgeuza uso amtazame. "Ukikosea, njoo uniambie kosa likiwa bado dogo. Na ukiwa umeshadanganya, rudi useme kweli, hata watu wote wakikutazama. Leo ulirudi, ndiyo maana yule anakoroma pale ndani."

Chiriku alifuta pua kwa kiganja. "Kesho nani atampitia shuleni?"

"Wewe."

"Mimi? Baada ya haya yote?"

"Ana dada mwingine?" mama aliuliza, akamvutia kifuani.