Kiti cha Mahnush

Jumanne saa tano asubuhi simu ililia nyumbani kwa kina Golrokh, katika mji wa Shahr-e Rey. Ilikuwa shule ya binafsi ya mdogo wake.

"Mama Mahnush, leo binti yako katushangaza kwa hesabu! Ila mbona kaja pekupeku?"

Mama akageuka kutazama chumbani. Mahnush alikuwa kitandani tangu alfajiri, homa inamchoma.

Golrokh, aliyekuwa akivaa aende shuleni kwake zamu ya mchana, alijua chanzo. Baba mdogo alikubali kumlipia ada mmoja wao tu, akamchagua Mahnush. Golrokh akabaki shule ya serikali, wasichana arobaini na wanane darasa moja, akisikiliza kila jioni habari za maabara na walimu wapole. Jana, akimwaga maji ya moto ya samawari kwenye mfereji wa uani, hakusema bismillahi kuwaonya majini wa mferejini. Alisema, "Kiti chake kibaki kitupu."

Sasa alikimbia hadi shule ya mdogo wake, akachungulia kwenye kioo cha mlango wa darasa, na harufu ya nywele zinazoungua ikamjaa puani, na kwenye kiti cha Mahnush akaona msichana mwenye uso wa Mahnush anaandika bila kutazama daftari, kisha shingo ile ikageuka taratibu, mabega yakiwa palepale, na sauti ikamnong'oneza sikioni ingawa mlango ulikuwa umefungwa:

"Asirudi. Si tumekubaliana?"

Alasiri aliitwa Bibi Sakine, mwandishi wa dua. Akamgusa mgonjwa paji la uso.

"Nani kamwaga maji ya moto?"

Golrokh akarudi nyuma hadi ukutani.

"Semeni, wanangu. Huyu anazimika."

"Mimi," Golrokh akalia. "Nilimwonea wivu, mama. Na bado namwonea."

Mahnush akafumbua macho kwa shida. "Dada, mjinga wewe. Si ungeniambia?"

Bibi alisoma, akanyunyiza maji ya dua mferejini. Kitu kikaguna chini ya zege. Kufikia magharibi homa ilikuwa imeshuka.

Jumamosi, juma la shule lilipoanza, Mahnush alirudi kwenye kiti chake. Golrokh naye aliketi darasani kwake, moyo mwepesi, mwalimu akiita majina.

"Golrokh?"

Kabla hajafungua mdomo, sauti yake mwenyewe iliitika kutoka kiti cha nyuma kabisa:

"Nipo."

Wasichana wote wakageuka huko, wakitabasamu. Hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye.